Kuchagua bunduki ya mitutu pacha kwa uwindaji wa ndege: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Nairobi

Ukiingia duka la silaha hapa Nairobi ukaomba kuonyeshwa bunduki ya mitutu pacha, yaani ile ambayo mitutu yake miwili imelala ubavu kwa ubavu, mara nyingi utakabidhiwa kwanza ile yenye nakshi nyingi. Utasifiwa jina la mtengenezaji na rangi ya mbao ya mjozi. Nami naipenda nakshi nzuri, sitaificha. Lakini bunduki ya ndege huchaguliwa kwa mpangilio mwingine: kwanza ndege, kisha risasi, kisha mitutu, kisha mwili wako mwenyewe, na jina linakuja mwisho. Anayefuata mpangilio huo hupata bunduki itakayomtumikia yeye na wanawe baada yake. Anayeupindua hujikuta na chuma cha bei kubwa ambacho hakimkai begani, au, kibaya zaidi, ambacho hakikuundwa kuhimili risasi zinazouzwa leo.

Sheria kwanza

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaufanya uwindaji wa burudani kuwa kosa. Ndege wa porini wamo ndani ya sheria hiyo. Kanga wanaovuka barabara kule Kapiti na kwale wanaolia alfajiri pembezoni mwa mashamba ya Machakos si halali yako kuwapiga. Kwa hiyo mkaazi wa Nairobi mwenye bunduki ya ndege ana matumizi mawili tu: kupiga sahani za udongo kwenye viwanja vya shabaha, na kusafiri nayo hadi nchi zinazoruhusu uwindaji kwa leseni. Tanzania ndiyo ya karibu. Wengine huenda hadi Afrika Kusini. Nawaandikia hao.

Silaha zote za raia hapa nchini zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti hutangulia bunduki. Usitoe hata arubuni kabla Bodi haijakubali ombi lako, kwa sababu cheti hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Anza na cheti cha tabia njema kutoka DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, andaa kabati la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni, na uwe na sababu ya kweli ya kuomba. Usinunue kamwe bunduki "ya rafiki" kwa kupeana mkono. Umiliki huhamishwa kwa karatasi, mbele ya mamlaka.

Ikiwa bunduki ni ya urithi, yaani mzee ametangulia mbele ya haki na kuiacha chumbani, usiiache hapo ukisubiri matanga yaishe. Iripoti na uikabidhi polisi waihifadhi hadi jina lako liidhinishwe. Familia nyingi zimeingia matatani kwa kudhani kwamba bunduki hurithiwa kama shamba.

Jambo moja la karatasi linagusa uchaguzi wenyewe. Ukivuka Namanga utahitaji kibali cha kuitoa silaha hapa na cha kuiingiza kule, na nambari iliyo kwenye vibali lazima ilingane na iliyochongwa kwenye chuma. Bunduki pacha za zamani huwa na nambari sehemu tatu: kwenye mtambo (mwili wa chuma wenye vifyatuo), kwenye mitutu na kwenye kibao cha mbele (kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu). Zikitofautiana, ujue sehemu moja imetoka kwenye bunduki nyingine. Hilo litakusumbua mpakani, na pia ni dalili kwamba huenda chuma na chuma havikuundwa kukaa pamoja.

Hatua ya kwanza: amua unamfuata ndege gani

Firigogo hushuka majini kwa makundi asubuhi, wakiruka kwa kasi kubwa. Ni ndege mdogo, na mara nyingi hupigwa akiwa karibu kiasi. Njiwa ni vivyo hivyo. Kwale huchomoka ghafla kwenye nyasi karibu na miguu yako, akipaa kwa kishindo, nawe una sekunde moja au mbili tu. Kanga ni habari nyingine kabisa. Ana mwili wa kilo moja na zaidi, manyoya mazito, na hupenda kukimbia kuliko kuruka. Akiruka huwa ameshaenda mbali, na akijeruhiwa hutimka vichakani akafia huko bila faida kwa mtu yeyote. Bata huja juu, na hupigwa kwenye maji.

Kwa firigogo, njiwa na kwale, risasi yenye gramu 28 za marisau, yaani vigololi vidogo vilivyomo ndani yake, kila kimoja cha milimita 2.4 hivi, ukubwa unaoitwa namba 7 kwa hesabu ya Kiingereza, inatosha kabisa. Kwa kanga nenda gramu 30 au 32, marisau ya milimita 2.8 hadi 3.1, yaani namba 5 au 4. Angalia milimita zilizoandikwa kwenye boksi, usitegemee namba peke yake: namba 6 ya Kimarekani ni kubwa kuliko namba 6 ya Kiingereza, na maduka yetu huuza za kila upande.

Kuhusu bata kuna jambo ninalolisisitiza kwa moyo wangu wote. Marisau ya madini ya risasi yakianguka kwenye maji hubaki topeni. Bata na heroe huyameza wakidhani ni mbegu au changarawe, na hufa kwa sumu. Mkataba wa AEWA, unaolinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, unazitaka nchi wanachama ziache kutumia marisau hayo kwenye ardhi oevu. Anayetaka bata basi atumie marisau ya chuma au ya bismathi, madini mazito yanayotumika badala ya madini ya risasi. Uamuzi huo unaanzia leo dukani, maana si kila mtutu unaweza kupitisha marisau ya chuma bila kuharibika. Nitaurudia kwenye mihuri.

Hatua ya pili: geji

Geji ni hesabu ya zamani: ni idadi ya magololi ya madini ya risasi, kila moja likiwa na upana wa mtutu, yanayotimiza uzito wa ratili moja. Ndiyo maana geji 12 ni pana kuliko geji 20. Geji 12 ina upana wa milimita 18.5 hivi, geji 16 ni 16.8, geji 20 ni 15.6 na geji 28 ni 14.

Kwa mnunuzi wa Nairobi anayenunua bunduki moja tu, ushauri wangu ni geji 12. Risasi zake ndizo rahisi kupatikana hapa na kote utakakosafiri, na huuzwa kuanzia nyepesi za sahani hadi nzito za kanga. Geji 20 ni nzuri sana kwa mtu mwenye mwili mdogo au anayetembea mchana kutwa akifuata kwale, kwa kuwa hupunguza uzito mkononi. Geji 16 naipenda, lakini nimeona watu wakihangaika kutafuta risasi zake hadi bunduki ikageuka pambo. Geji 28 waachie wenye bunduki nyingine tayari.

Ukiwa na geji 12 na geji 20 nyumba moja, usichanganye risasi zao kamwe, hata mfukoni. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 hupita chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi, ikakwama mbele. Ukitazama utaona chemba iko wazi, utatia ya geji 12 nyuma yake, na ukifyatua mtutu utapasuka mbele ya mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa desturi hutiwa rangi ya manjano.

Hatua ya tatu: chemba na mihuri

Hapa ndipo ningependa utulie zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Bunduki nyingi za mitutu pacha zinazozunguka Nairobi ni za zamani. Zililetwa na walowezi wa Laikipia, Naivasha na Nanyuki, nyingi zikiwa za Kiingereza, na zimepita mikono mingi. Bunduki za Kiingereza za enzi hizo kwa kawaida zina chemba za milimita 65. Risasi nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70. Tofauti ya milimita tano yaonekana ndogo, na mtego wenyewe ndio huo: urefu unaoandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda baada ya kupigwa, likiwa limekunjuka. Kabla ya kupigwa ni fupi zaidi, kwa hiyo risasi ya 70 huingia kwenye chemba ya 65 bila ugomvi wowote, na bunduki hufunga vizuri. Ukifyatua, ganda linakunjukia kwenye sehemu iliyobanwa, shinikizo linapanda, na chuma chembamba cha zamani kinabeba mzigo kisichoujua. Pengine itahimili mara nyingi. Siku moja haitahimili.

Kwa hiyo usiulize tu, "Chemba ni ngapi?" Mwambie fundi aipime kwa kipimo, mbele yako. Kisha fungua bunduki, vua mitutu, uigeuze juu chini na usome mihuri iliyo chini yake, karibu na chemba. Hiyo ndiyo mihuri ya majaribio. Nyumba za majaribio, kama zile za London na Birmingham huko Uingereza, Liège huko Ubelgiji, Saint-Étienne huko Ufaransa, Eibar huko Hispania na Gardone huko Italia, hupiga kila bunduki kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, na ikivumilia hugongwa muhuri. Kwenye za Kiingereza, tafuta maneno NITRO PROOF. Yana maana kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti za kisasa zisizo na moshi. Zilizogongwa kuanzia 1954 mara nyingi huandikwa shinikizo kwa tani: tani 3 huambatana na chemba ya inchi 2½, na tani 3¼ na ile ya inchi 2¾, ambayo ndiyo milimita 70. Za karibuni zaidi huandikwa kwa bar, kipimo kingine cha shinikizo. Nyingi za nchi za bara la Ulaya huandikwa urefu wa chemba kwa milimita, jambo linalorahisisha kazi.

Muhuri unaeleza hali ya mtutu siku ulipogongwa. Ikiwa tangu hapo mtu ameukwangua ndani kuondoa kutu, au amerefusha chemba, muhuri hauna tena maana. Ndiyo maana upimaji wa hatua inayofuata haukwepeki.

Ukiona mitutu yenye michirizi kama ya mawimbi au ya mbao kwenye chuma, hiyo ni ya damasko, iliyosukwa kwa vipande vya chuma vilivyopindwa pamoja. Ni mizuri kupita kiasi. Michache ilijaribiwa kwa baruti za kisasa, mingi ni ya baruti nyeusi. Kama huna fundi wa kukuhakikishia kwa vipimo na mihuri, iache.

Na kwa wanaotaka marisau ya chuma: tafuta muhuri wenye umbo la ua la yungiyungi. Huo huonyesha mtutu umejaribiwa kwa marisau ya chuma ya nguvu kubwa. Kama haupo, usipige risasi hizo nzito za chuma. Na kwa mtutu mkongwe, mwembamba, uliobanwa sana mdomoni, usiweke marisau ya chuma ya aina yoyote, tumia bismathi.

Hatua ya nne: kukagua mitutu kwa mkono, jicho na sikio

Kila unapopokea bunduki, ifungue uhakikishe chemba zote mbili ni tupu, hata kama aliyekupa amefanya hivyo mbele yako sasa hivi. Kisha vua kibao cha mbele na mitutu.

Elekeza mitutu kwenye dirisha lenye mwanga au taa ndefu ya dari na utazame ndani. Utaona mwanga umejipanga kwa duara, duara ndani ya duara. Zungusha mitutu polepole. Duara likivunjika mahali, pana kibonyeo. Ukiona pete nyeusi imezunguka, huo ni uvimbe: mtutu ulipigwa ukiwa umezibwa na kitu, tope pengine, na chuma kimetanuka. Kibonyeo fundi mzuri anaweza kukiinua. Uvimbe ni sababu ya kushukuru na kuondoka. Vishimo vidogo vya kutu karibu na mdomo husameheka. Vishimo vingi mbele ya chemba, ambako shinikizo ni kubwa, havisameheki.

Kisha unene. Hili halipimwi kwa macho. Fundi anacho kipimo cha kuingiza ndani ya mtutu, nacho humwonyesha unene wa chuma kila mahali. Desturi ya mafundi wa Uingereza ni kwamba sehemu nyembamba kabisa isiwe chini ya nusu milimita. Muuzaji akikataa bunduki isipimwe, amekujibu.

Sasa sikio. Ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye ndoano ya chuma iliyo chini yake, hakikisha hakuna kinacholegea juu yake, kisha uigonge taratibu kwa kipini cha mbao. Mitutu mizima hulia kama kengele, sauti ndefu na safi. Sauti ikiwa butu au ya kuchakarika, ubapa unaounganisha mitutu umeachia mahali fulani. Unyevu utakuwa umeshaingia humo, na kuuunganisha upya ni kazi ya gharama.

Mwisho tazama midomo. Kwenye bunduki ambayo haijakatwa, midomo ya mitutu miwili hugusana au hukaribia sana. Ukiona nafasi pana katikati iliyojazwa, mtu alikata mitutu, na choki zote, yaani ule mbano wa mdomoni, zimeenda na kipande kilichokatwa.

Hatua ya tano: mtambo

Kuna aina kuu mbili. Ya kwanza ni boksi-loki, ambayo nyundo na springi zimo ndani ya mwili wa chuma wenyewe. Anson na Deeley waliibuni mwaka 1875 katika kiwanda cha Westley Richards, Birmingham, na bado inatengenezwa hadi leo kwa sababu ni imara na ina vipande vichache. Ya pili ni saidi-loki, ambayo mitambo imefungwa kwenye mabamba mawili ya ubavuni. Huwa na kifyatuo laini zaidi, nafasi pana ya nakshi, na nyingi zina kizuizi cha pili kinachodaka nyundo bunduki ikianguka. Pia ni ghali zaidi, na kwenye tabaka la juu hutengenezwa kwa mkono, hivyo kipande kikivunjika hakipatikani dukani bali huchongwa. Hapa kwetu mafundi wa kweli wa bunduki wanahesabika. Kwa sababu hiyo moja, boksi-loki nzuri ni bora kwa mkaazi wa Nairobi kuliko saidi-loki ya wastani, na sitasita kusema hivyo hata mbele ya mwenye saidi-loki.

Unganisha bunduki bila kibao cha mbele, ifunge, shika kitako kwa nguvu, kisha mwenzako atikise mitutu kushoto na kulia. Isicheze kabisa. Iinue kuelekea mwanga: usione mwangaza kati ya mitutu na uso wa mtambo. Tazama wenzo wa juu, ule unaosukumwa kwa kidole gumba. Bunduki ikifungwa, wenzo ukisimama katikati au kulia kidogo ni vyema. Ukivuka katikati kwenda kushoto, kitasa kimelika.

Omba risasi bandia, zile za kulinda pini, uzitie pande zote mbili. Weka kizuizi cha usalama, vuta vifyatuo vyote viwili, viachie, kisha ondoa kizuizi bila kugusa kifyatuo. Kitu kikilia, bunduki hiyo ni hatari. Kumbuka kwamba kizuizi cha bunduki nyingi hizi hufunga vifyatuo tu, hakifungi nyundo, kwa hiyo hakichukui nafasi ya kuifungua bunduki wakati wa kuruka mtaro au kupita uzio. Fyatua upande mmoja, fungua: kama bunduki inarusha maganda, irushe lile lililofyatuliwa peke yake. Kifyatuo cha mbele kivutike kwa uzito wa kilo 1.6 hivi, cha nyuma kikiwa kizito kidogo zaidi.

Usipite mbao haraka. Angalia nyuma ya mtambo, mahali mti unapokutana na chuma, kama pana ufa au weusi wa mafuta yaliyozama. Tazama na vichwa vya skrubu: vilivyochubuliwa husema kwamba bunduki iliwahi kufunguliwa na mtu asiye na zana.

Vifyatuo viwili au kimoja? Viwili. Cha mbele hufyatua mtutu wa kulia, cha nyuma wa kushoto, na unachagua kwa kidole tu, papo hapo. Kimoja kina vipande vingi vya kuharibika. Kitako kilichonyooka, kisicho na kishikio cha bastola, huruhusu mkono kuteleza kidogo kutoka kifyatuo kimoja hadi kingine, ndiyo maana viwili hivyo huenda pamoja.

Hatua ya sita: choki, urefu na uzito

Choki ni kubanwa kwa mtutu karibu na mdomo ili marisau yasitawanyike mapema. Hupimwa kwa umbali wa mita 36.5, ndani ya duara lenye upana wa sentimita 76. Mtutu usiobanwa huweka humo takriban asilimia 40 ya marisau yake, nusu choki asilimia 60, na choki kamili asilimia 70. Choki kamili kwenye geji 12 ni kubanwa kwa milimita moja tu.

Hapa ndipo mitutu pacha inapong'ara. Una choki mbili tayari. Kwale akichomoka miguuni, mtutu wa kulia ulio wazi humpata karibu. Akikosekana, wa kushoto uliobanwa humfuata mbali. Kanga wanaoletwa na wafukuzaji wakikujia, unageuza: kifyatuo cha nyuma kwanza. Robo choki kulia na nusu choki kushoto inatosha karibu kwa kila kitu. Bunduki nyingi za zamani zina nusu na kamili, ambazo hubana mno kwa kwale na firigogo. Fundi anaweza kuipanua choki, lakini hawezi kuirudisha, kwa hiyo piga kwanza kwenye karatasi kabla ya kuamua.

Mitutu ya sentimita 71 huwafaa watu wengi. Mrefu sana achukue 76. Kuhusu uzito, W. W. Greener, mtengenezaji bunduki wa Birmingham, aliacha kanuni inayofanya kazi hadi leo: bunduki iwe na uzito wa mara 96 wa marisau. Kwa gramu 28 hiyo ni kilo 2.7, kwa gramu 32 ni zaidi kidogo ya kilo 3. Bunduki nyepesi ni raha kubeba, lakini ukiipa risasi za kanga itakuumiza bega, na anayeogopa bega hupepesa jicho kabla ya kufyatua.

Hatua ya saba: ikae mwilini mwako

Kwa bunduki hii hulengi kama kwa raifo. Unamtazama ndege, mikono inaleta bunduki usoni, na jicho lako ndilo shabaha ya nyuma. Jicho likikaa pasipofaa, marisau yataenda pasipofaa, hata uwe hodari vipi.

Jua kwanza jicho lako lenye nguvu. Nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba la kushoto. Kidole kikibaki mahali pake, jicho la kulia ndilo linaloongoza. Kikiruka, ni la kushoto, na kama unapiga kwa bega la kulia, mwambie fundi mapema kabla hujalipa kitu.

Chagua alama ukutani. Fumba macho, inua bunduki tupu hadi begani na shavuni kama kawaida yako, kisha fumbua. Ukiona nyuma ya mtambo tu, mgongo wa kitako uko chini mno, nawe utapiga chini. Ukiona ubapa wote umeinuka mbele yako, uko juu mno. Ukiona ubavu wa mtutu mmoja, kitako hakijapindishwa pembeni inavyokupasa. Kati ya pua na kidole gumba kibaki na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Urefu wa kitako, kutoka kifyatuo cha mbele hadi katikati ya mwisho wake, kwa wanaume wengi ni kama sentimita 37. Wanawake wengi huhitaji pungufu, na duka lisikwambie "utazoea". Rudia zoezi mara kadhaa, ukivaa koti au fulana utakayovaa porini, kwani nguo nene hurefusha kitako.

Tofauti ndogo hurekebishika: fundi hupasha mti joto na kuupinda, huukata, au huongeza kipande nyuma. Tofauti kubwa ni ishara kwamba bunduki hiyo iliundwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hatua ya nane: sasa majina

Kwa mpya au iliyotumika kiasi, AyA ya Eibar, Hispania, ndiyo ningeitazama kwanza: No. 4 ni boksi-loki, No. 2 ni saidi-loki, zote zimefuata mtindo wa Kiingereza. Merkel ya Ujerumani ni imara sana. 147E ni boksi-loki ya kuaminika. Webley & Scott za zamani, zile za mfululizo wa 700, ni boksi-loki za Kiingereza zisizo na majivuno na zenye kazi safi. Baikal ya Urusi ni nzito na haina urembo, lakini hustahimili mengi, na kwa anayeanza bila fedha nyingi si aibu hata kidogo. Beretta ya Italia na Huglu ya Uturuki nazo hutengeneza za kisasa, zenye chemba za urefu wa leo. Purdey na Holland & Holland, majina makubwa ya Uingereza, zikikujia kwa bei rahisi, zipitishe hatua ya tatu na ya nne kwa ukali maradufu.

Hatua ya tisa: karatasi kabla ya fedha ya mwisho

Kubaliana na muuzaji kwamba malipo ya mwisho yatafuata jaribio kwenye kiwanja cha shabaha, kama kile cha Kirigiti, Kiambu, chini ya msimamizi. Tundika karatasi kubwa yenye alama katikati, simama umbali wa mita 15, na upige risasi kadhaa kwa mtutu mmoja bila kulenga: tazama alama, inua, fyatua. Tafuta katikati ya yote uliyopiga. Kwa umbali huo, kila milimita 16 za kupotoka kwenye karatasi hudai milimita moja kwenye kitako, kwa hiyo fundi atajua hasa cha kufanya. Fanya hivyo na mtutu wa pili. Yote miwili ipige mahali pamoja. Kisha rudi hadi mita 36.5, badili karatasi, na uhesabu marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwa risasi uliyokusudia kutumia. Usiamini choki iliyoandikwa, amini idadi uliyohesabu.

Andika yote nyuma ya karatasi: aina ya risasi, umbali, mtutu. Piga picha ya mihuri na nambari zote tatu, uziweke pamoja na nakala ya cheti. Hizo ndizo atakazotaka fundi ukimrudia, na ndizo zitakazokusaidia ofisa wa forodha akitaka kulinganisha nambari ya kibali na ya chuma.

Ukitoka vumbi la Longido au unyevu wa pwani, vua mitutu usiku huohuo, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ndani na nje, na usimamishe bunduki kabatini mdomo ukiwa chini ili mafuta yasishukie kwenye mti. Mfuko wa ngozi wa kusafiria usiwe makao yake. Ngozi huvuta maji, na kutu huanza pale chuma kinapogusana nayo.